Siku Tatu za Kufunga Chaja Nyumbani kwa Mkunga

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili sikuwasha hata birika la stima. Asubuhi mume wangu ndiye aliyenyoosha mkono ukutani na kubonyeza swichi, mimi nikingoja kizingitini kama mgeni. Watu wangecheka kama wangejua, kwa sababu kazi yangu ni hiyo hiyo. Mimi ni fundi wa stima. Nina cheti na leseni, na ukifuata Barabara ya Ngong kutoka mjini hadi karibu na milima, ninaweza kukuonyesha nyumba baada ya nyumba ambazo nyaya zake nilizivuta kwa mikono yangu.

Kilichonipata ni hiki. Nilikuwa juu ya paa la ghorofa moja huko Kabiria, nikirekebisha pampu ya maji. Nilikuwa nimezima breka ya pampu, swichi inayokata stima, kule chini kabla ya kupanda ngazi. Mpangaji mmoja akafungua bomba, maji hakuna, akashuka kwenye kisanduku cha breka, akaona moja imelala, akaiinua. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuoga aende kazini. Wakati huo mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika waya mtupu.

Watu hudhani stima inakurusha. Mimi ilinishika. Vidole vilijikunja juu ya waya, na kadiri nilivyotaka kuachilia ndivyo nilivyozidi kukaza. Nilisikia meno yangu yakigongana na nikafikiri, bila haraka yoyote, kumbe ni leo. Mwangalizi wa jengo alikuwa karibu. Aliokota ubao akanipiga nao mkononi kwa nguvu zake zote, nikaanguka chali juu ya saruji. Nilitoka hospitali na makovu mawili ya kuungua kwenye vidole. Moyo ulipimwa ukaonekana mzima. Woga hawakuwa na mashine ya kuupima.

Tajiri wangu ni mzee Kalasinga, Mhindi wa kilemba, mwenye duka la vifaa vya stima katikati ya jiji, kwenye ile mitaa ya chini ambako maduka yamebanana na kila mlango una mtu anayekuuliza unatafuta nini. Niliingia kwake nikiwa na miaka ishirini na miwili, kuuza balbu. Aliona navitazama sana vitu vilivyo ndani ya masanduku, akaanza kunifundisha, kisha akanipeleka chuo. Ananiita beti, yaani binti kwa lugha ya kwao. Mimi namwita Mzee, kama kila mtu mtaani pale. Baada ya ajali alinirudisha nyuma ya kaunta na hakuniuliza hata siku moja ni lini nitashika tena koleo.

Mpaka Jumanne moja. Alikata simu akakaa akikisugua kidevu.

"Iko kazi Karen," alisema. "Yule mama mkunga, mteja wa zamani. Amenunua gari ya stima. Anataka chaja ya ukutani, nyumbani."

"Utamtuma nani?"

Fundi wake mmoja alikuwa amehamia Dubai na mwingine alikuwa amebanwa na jengo refu ambalo lisingeisha mwezi huo. Sote wawili tulilijua hilo.

"Nitaenda mimi," alisema. "Wewe utakuja kunishikia vitu tu."

Alikuwa na miaka sabini na minne na magoti yasiyokunjika. Nilijua nani angepiga magoti.

Sanduku la chaja lilifika dukani siku iliyofuata. Nililifungua juu ya kaunta nikasoma kitabu chake chote, mistari ya maonyo mara mbili. Kifaa chenyewe ni kidogo, cheupe, kama begi la mtoto wa shule, na waya mnene uliojikunja ubavuni. Udogo wake ndio ulionitisha. Pampu ya maji huvuta stima dakika chache ikapumzika. Gari huvuta kwa muda wa saa saba au nane bila kupumzika, mwenye nyumba akiwa kitandani. Skrubu moja isipokazwa sawasawa, kiungo kile hupata joto kidogo kidogo, plastiki ikalainika, na hakuna atakayesikia harufu mpaka moshi uingie chumbani. Nilisoma hadi mteja mmoja akaniuliza kama kuna habari mbaya kwenye karatasi zile.

Alhamisi nikaliendesha pikapu la Mzee mpaka mtaa wa Karen. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuendesha tangu mwaka uliopita. Alisema magari ya siku hizi yana taa kali mno.

Mkunga alitupokea langoni. Alikuwa mama mrefu, mwembamba, aliyenyooka kama bado amevaa sare ya wodi. Alikuwa amestaafu na aliishi peke yake katika nyumba ya mawe yenye bustani kubwa. Gari lilikuwa chini ya kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa jikoni, dogo, la buluu, limefunikwa kwa shuka kama mgonjwa.

Alinisalimu, akaushika mkono wangu wa kushoto, hakuuachilia. Aliugeuza akaangalia makovu.

"Hii ni moto?"

"Ni stima, mama."

"Na bado unafanya hii kazi."

Mzee ndiye aliyejibu, kwamba sina mpinzani Nairobi nzima, nikatamani ardhi inimeze.

Siku ile ya kwanza tulianza na waya wa ardhini, ule unaotoa stima iliyopotea njia na kuipeleka kwenye udongo badala ya kuipitisha mwilini mwa mtu. Nilipiga nyundo fimbo ya shaba mpaka ikazama kwenye udongo mwekundu kando ya kibanda. Kazi hiyo niliifanya vizuri, kwa furaha hata, kwa sababu fimbo ile ilikuwa bado haijaunganishwa na kitu chochote duniani. Kisha ikabidi kuingia ndani na kufungua bodi ya stima, kisanduku chenye breka zote za nyumba.

Ilikuwa kwenye ukumbi mdogo karibu na jikoni. Nilizima swichi kuu, nikaweka kufuli yangu juu yake, ufunguo nikauweka kwenye sidiria. Tangu Kabiria siamini swichi ambayo mtu mwingine anaweza kuiinua. Hata hivyo, nilipoinua bisibisi kufungua kifuniko, mkono ulianza kutetemeka hadi ncha ikawa inagonga bati, tak-tak-tak, na mkunga akachungulia kutoka jikoni akidhani kuna mtu anabisha hodi. Bisibisi ikaanguka. Niliiokota. Ikaanguka tena.

Mzee alikuwa kwenye kiti nyuma yangu. "Nenda nje hesabu maua ya mama," alisema taratibu. "Ukimaliza rudi."

Nilitoka. Nilihesabu mpaka thelathini na kitu nikakosea. Niliporudi alikuwa bado amekaa vile vile na hakuwa amegusa chochote, na bodi ilikuwa inaningoja. Nilifungua skrubu nne. Ilinichukua muda ambao zamani ningemaliza bodi nzima. Jioni nilipokuwa nanawa mikono nyumbani niliona kucha zimeacha alama kwenye viganja.

Siku ya pili ndiyo siku yenyewe.

Asubuhi nilivuta kebo nene kutoka kwenye bodi, ikapita ndani ya bomba ukutani hadi kibandani. Mahali palipofaa kufunga chaja palikuwa na kisanduku cha zamani chenye nyaya za taa za nje. Ilibidi nyaya hizo zikatwe, zifupishwe na kuhamishiwa pembeni. Kazi ndogo. Nilizima swichi kuu, nikaweka kufuli, nikauficha ufunguo. Friji ikanyamaza. Redio ya jikoni ilikatikia katikati ya matangazo. Nyumba nzima ikawa kimya, na ukimya ule ulinipa moyo.

Tulikuwa tumemuuliza mkunga mapema kama ana jenereta. Alisema hana.

Ilikuwa karibu saa sita, jua limepiga ukuta mzima kwa sababu kibanda kilikuwa kifupi upande ule. Nilifungua kile kisanduku. Mzee akaja na testa yake, ile inayofanana na bisibisi ndogo yenye taa ndani ya mpini. Ukigusa waya wenye stima, taa ile huwaka rangi ya machungwa. Aligusa waya wa kwanza, akagusa wa pili, akasogeza uso.

"Imekufa," alisema. "Kata."

Nilichukua koleo. Kipimo changu mwenyewe, kile cha namba, kilikuwa ndani ya mkoba hatua tano kutoka pale. Sikukifuata. Nilikuwa nimemwonyesha huyu mzee woga wangu siku nzima iliyotangulia, na niliona haya kumwonyesha tena. Basi nikaingiza waya kati ya meno ya koleo. Mpini wake ulikuwa wa zamani, plastiki imechanika upande mmoja, chuma kinaonekana. Hilo nalo nililiona na sikusema kitu.

Mkono ukakataa.

Sina namna nyingine ya kulieleza. Niliuamuru ufumbe, haukufumba. Jasho lilinitoka kwapani likateremka mpaka kiunoni.

"Beti. Imekufa. Nimepima mimi mwenyewe. Kata twende."

"Nipe testa, Mzee."

"Huniamini?"

Hilo lilikuwa swali zito. Kila nilichokijua kuhusu stima nilikijua kupitia mtu huyu, na hakuwahi kunidanganya wala kukosea mbele yangu. Nilisema, "Nakuamini. Mkono ndio umekataa," nikakunjua kiganja kuomba.

Alinipa, kwa kusonya kidogo. Niligusa waya. Sikuona kitu, kwa sababu jua lilikuwa kali na mpini wa testa ulimetameta. Nilikaribia kuirudisha. Halafu, sijui kwa nini, nikauzungushia mkono wa pili kama mtu anayekinga kiberiti na upepo, nikachungulia katikati ya vidole.

Ndani ya giza lile dogo taa ilikuwa inawaka.

Sikupiga kelele. Niliutoa mkono polepole sana, kama mtu anayeondoka mbele ya nyoka, nikarudi nyuma hadi mgongo ukagonga mlango wa gari.

"Iko na stima, Mzee."

"Wapi?"

"Angalia." Nilirudi, nikagusa tena, nikamkingia kwa kiganja karibu kabisa na uso wake. Alichungulia. Aliondoa miwani, akairudisha, akachungulia tena.

"Sioni kitu," alisema.

Mimi niliiona taa ile waziwazi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jua lilikuwa sehemu ndogo tu ya tatizo. Nilikimbilia mkoba, nikatoa kipimo cha namba. Kikasoma volti mia mbili na thelathini na kitu. Namba zake ni kubwa, akaziona.

Mzee alitafuta mahali pa kukaa, akakosa, akakalia kreti la soda lililokuwa pale. Mimi nikakaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu. Nilisikia ulimi mzito na ladha ya chuma, ile ile ya juu ya paa. Tulikaa vile, wawili, hakuna anayemtazama mwenzake.

Mkunga alitukuta hivyo.

"Kuna nini hapa? Nani ameumia?"

"Hakuna aliyeumia, mama," nilisema. "Hizi taa za nje zinapata stima kutoka wapi? Nimezima nyumba nzima."

"Aa, hizo ni za betri," alisema. "Kijana wangu aliweka betri huko stoo, stima ikipotea taa za nje zinaendelea. Ni mambo ya wezi."

"Tulikuuliza asubuhi, mama."

"Mliniuliza jenereta. Jenereta sina."

Alikuwa sahihi kabisa. Tulikwenda stoo. Nyuma ya gunia la viazi kulikuwa na betri mbili kubwa na inveta, mashine inayogeuza nguvu ya betri kuwa stima ya nyumba. Taa yake ya kijani ilikuwa inapepesa kimya kimya. Mimi ndiye niliyeizima swichi kuu. Kwa kuizima nilikuwa nimeiamsha mashine hii ipeleke stima kwenye waya ule ule niliokuwa naenda kuukata.

Mkunga alipoelewa alikaa juu ya gunia. "Mungu wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ningekukuta huko nje."

Tulizima inveta, tukachomoa betri. Nilipima kwa testa nikiikinga, nikapima kwa namba, nikatembea hadi langoni, nikarudi, nikapima tena. Kisha nilifumba macho nikakata. Ilitoa sauti ndogo tu, kama unavyokata kucha. Tulifungasha vifaa tukaondoka.

Tulikwama kwenye foleni ya magari Dagoretti Corner. Mtu alikuwa anapitisha karanga dirishani, Mzee akamfukuza kwa mkono.

"Ningekuua," alisema.

"Hukuniua, Mzee."

"Nilisema kata. Nilisema mara mbili."

Ndivyo ilivyokuwa kweli.

"Daktari alisema macho yote mawili," aliendelea. "Kuna ukungu ndani. Alisema nifanyiwe upasuaji. Hiyo ni mwaka jana. Mke wangu nilimwambia ni jicho moja, kidogo tu." Alitazama mbele, kwenye mgongo wa lori. "Wanaweka kisu ndani ya jicho, beti, na wewe uko macho, unaona kinakuja. Mimi naogopa."

Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo juu yake mwenyewe. Nikamwambia habari ya birika. Nilimwambia yote, kwamba mume wangu huniwashia, kwamba nikiwa peke yangu nakunywa maji baridi. Alinigeukia.

"Mwaka mzima?"

"Na miezi miwili."

Alicheka kidogo, si kwa furaha. "Na mimi nikakuleta Karen," alisema, na lori likasogea.

Nilitaka kumwambia Mzee kwamba siku ya tatu siendi. Usiku sijui nililala saa ngapi, ila nakumbuka asubuhi nilivaa viatu nikavivua, nikavivaa tena. Lakini ukuta wa mama wa watu ulikuwa wazi, nyaya zinaning'inia. Nilimpitia Mzee. Alikuja lakini hakushuka na testa. Alikaa barazani na mkunga, akageuza kiti ili atazame bustani.

Nilifunga chaja ukutani kwa skrubu nne. Niliunganisha kebo, nikakaza kila kiungo, nikavuta kila waya kuhakikisha hautoki, nikaanza upya toka mwanzo. Niliweka kwenye bodi breka mpya inayokata stima ikianza tu kuvuja. Nilipima fimbo ya ardhini. Namba zilikuwa nzuri. Kila kitu kilikuwa kizuri, na ndivyo nilivyozidi kuogopa, kwa kuwa sasa hakukuwa na sababu ya kungoja.

Niliinua swichi kuu nikiwa nimesimama upande, uso nimeugeuza. Friji ikaanza kuunguruma. Nikabonyeza kitufe cha kujaribia cha ile breka mpya; ikaruka, tap, kama inavyotakiwa, na mimi nikaruka pamoja nayo, kisha nikairudisha. Kibandani taa ya chaja ikawaka nyeupe.

"Niweke mimi?" mkunga aliuliza. Alikuwa ameshatoa shuka kwenye gari.

"Subiri, mama. Nianze mimi."

Nilichukua plagi. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri. Niliisukuma ndani ya gari ikakaa kwa mshindo mdogo, na sekunde tatu nne zikapita bila kitu. Kisha kitu ndani ya chaja kikasema klak, taa ikageuka kijani, na nikajua stima sasa inapita mbele ya tumbo langu kwa nguvu kubwa kuliko ile ya Kabiria.

Ilibaki kugusa gari. Fundi hugusa kwa nyuma ya mkono, ili misuli ikijikunja ikuondoe badala ya kukushikisha. Nilinyoosha mkono wa kushoto, wenye makovu, nikausimamisha unene wa karatasi kutoka kwenye mlango ule wa buluu. Nilisikia Mzee ameacha kuongea barazani. Nikagusa.

Ilikuwa bati tu, lenye joto la jua.

Nilikaa pale saa nzima nikigusa plagi kila baada ya dakika chache kama inapata moto. Mkunga aliniletea stuli, kisha chai, kisha akasimama nami. Nilipomwambia sasa achomoe na kuchomeka mwenyewe, mikono aliificha ndani ya sweta. Alikuwa amezalisha maelfu ya watoto na alikiogopa kile kishikio. Niliuweka mkono wangu juu ya wake, tukasukuma pamoja, mara tatu, hadi akaniambia nitoe.

Mzee alifanyiwa upasuaji mwezi uliofuata, jicho la kulia kwanza. Nilimsindikiza mpaka mlangoni na mke wake akaingia naye. Hajarudi kwenye kazi za nje. Mimi nimerudi, na nimeshafunga chaja nyingine kadhaa, Lavington, Kilimani, moja huko nyuma ya jengo la maduka la Junction. Siwezi kusema woga umeisha. Nachelewa kuliko mafundi wengine, na wateja wengine hulalamika, nawaacha walalamike.

Mvua za masika zilipoanza, mkunga alinipigia saa kumi na moja jioni. Kulikuwa na radi, na nilisikia mabati yakipigwa nyuma ya sauti yake.

"Msichana wangu, gari iko kwenye chaja na maji yanaruka mpaka ukutani. Nichomoe?"

"Usiguse, mama. Iache. Imetengenezwa kwa mvua."

Nilimweleza vizuri, akaelewa, akaaga. Nilikaa na simu mkononi. Nilijua kila nilichomwambia ni kweli, maana nilikifunga kile kifaa mwenyewe. Halafu nikachukua ufunguo wa pikapu.

Nilipofika alikuwa amesimama chini ya kibanda na mwavuli, hatua mbili kutoka kwenye gari. Hakushangaa kuniona. Nilisimama kando yake, viatu vimejaa maji. Taa ilikuwa kijani. Niligusa plagi kwa nyuma ya mkono, ilikuwa baridi na yenye unyevu, basi.

"Si ulisema haina neno?" aliuliza.

"Haina."

"Basi rudi nyumbani, utapata homa."

"Nitaenda ikijaa," nikasema. Alisogeza mwavuli ukanifunika na mimi, tukaendelea kuitazama.